Kugongana wakati wa kurudi nyuma maegeshoni Kamembe: nani mwenye kosa?

KAMEMBE, Rusizi – Lori na gari dogo yanapogusana katika maegesho, mojawapo likiwa linarudi nyuma, hasara yenyewe mara nyingi si kubwa. Taa ya nyuma imevunjika, bampa limepinda, ubavu umekwaruzika. Kinachomgharimu msafirishaji ni saa zinazopotea: mzigo umesimama, mwenye mali ng'ambo ya mto anapiga simu kila baada ya dakika kumi, na madereva wawili wanabishana nani amemgonga mwenzake.

Mjini Kamembe ubishi huo una uzito wa pekee. Huu ndio mji wa biashara wa wilaya ya Rusizi, eneo lililojulikana kama Cyangugu hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, na Bukavu ipo ng'ambo tu ya mto Ruzizi. Katika eneo moja la kuegesha huweza kukutana lori la Tanzania lililoingilia Rusumo, lori la Uganda lililopita Gatuna, basi la Kigali, teksi ya Bukavu na pikipiki za abiria. Kesho yake kila mmoja yuko kwao. Jambo ambalo halikuandikwa wala kupigwa picha siku ile ni vigumu kulipata tena, na hapo hulipa yule mwenye haraka zaidi ya kuondoka, awe na kosa au asiwe nalo.

Mzigo wa kwanza ni wa anayerudi nyuma

Kanuni ya msingi haibadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 1977 na Kenya mwaka 2009, unaeleza katika ibara ya 14 kwamba dereva anayetaka kugeuza gari au kurudi nyuma lazima kwanza ahakikishe anaweza kufanya hivyo bila kuwahatarisha wala kuwazuia watumiaji wengine. Nchini Rwanda, Amri ya Rais namba 85/01 ya tarehe 2 Septemba 2002 kuhusu usafiri barabarani ilifuata mkondo huo huo. Kurudi nyuma huhesabiwa kuwa kitendo kilicho nje ya mwendo wa kawaida. Anayekifanya ndiye anayewasubiri wengine, si wao wanaomsubiri yeye.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza la askari wa usalama barabarani, au la mtu wa bima, huwa ni fupi: nani alikuwa akienda nyuma? Huyo ndiye mwenye kazi ya kujieleza. Hajahukumiwa bado, lakini ameanza akiwa na deni.

Pale ambapo gari la pili lilikuwa limesimama mahali pake, injini imezimwa, hakuna mengi ya kujadili. Aliyerudi nyuma analipa. Maelezo kwamba "sikuliona" hayamsaidii, kwa sababu kutoliona ndilo kosa lenyewe. Vivyo hivyo kwa anayetoka kinyumenyume katika nafasi yake na kumgonga anayepita kwenye njia ya katikati ya maegesho. Anayepita ana haki ya kupita.

Lawama inapogawanyika

Hata hivyo si kila rivasi inabeba kosa lote. Mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania zimezoea kugawa lawama kwa sehemu, kila mmoja akibeba kwa kadiri ya uzembe wake, na katika nchi zinazofuata mfumo wa Kibelgiji kama Kongo jaji naye huweza kupunguza fidia pale aliyeumizwa alipochangia hasara yake.

Mfano wa kwanza ni magari mawili yaliyorudi nyuma kwa wakati mmoja kutoka pande mbili zinazotazamana. Hapa kila mmoja alikuwa na wajibu ule ule, na kwa kawaida kila mmoja hubeba nusu. Mara nyingi mmoja husema kwamba alikuwa amekwisha kusimama. Kama anaweza kulithibitisha hilo, linamsaidia sana, hasa ikiwa alipiga honi. Kama alisimama nusu sekunde tu kabla ya kishindo, katikati ya njia ya mwenzake, halimsaidii kitu.

Mfano wa pili ni anayepita kwa kasi. Maegesho si barabara kuu. Mtu anayekatiza katikati ya magari na watu wanaopakua mizigo kwa mwendo wa kuwahi mpaka kabla haujafungwa, au anayeingia upande wa kutokea, hawezi kudai usafi wote eti kwa kuwa mwingine alikuwa kwenye rivasi.

Mfano wa tatu ni gari lililoegeshwa vibaya: limeziba mlango wa ghala, au mkia wake umejitokeza njiani, au limeachwa gizani bila taa wala pembetatu. Mwenye gari hilo anaweza kubebeshwa sehemu ya hasara. Lakini madereva wengi hulitia chumvi jambo hili. Kuegesha vibaya hakumpi mwingine ruhusa ya kugonga, na kama gari lilionekana waziwazi mchana, aliyerudi nyuma bado atabeba sehemu kubwa.

Kisha kuna suala la anayeongoza. Utingo, ambaye Rwanda na Burundi huitwa kigingi, anaposimama nyuma ya lori na kupunga mkono, anafanya kazi ya tajiri yule yule wa lori. Kosa lake halimtoi dereva wala mwenye gari katika lawama. Ikiwa anayeongoza ni mfanyakazi wa ghala au wa maegesho, na ameelekeza vibaya, basi mwenye eneo naye anaweza kudaiwa. Ama vijana wanaojitokeza na kupiga kelele "njoo, njoo, njoo" ili wapewe chochote, "njoo" yao haijawahi kulipa bampa. Dereva asiyeona nyuma na asiyekuwa na mtu wake anashuka na kuangalia mwenyewe.

Mwinuko wa Kamembe na lori linaloserereka

Kamembe imejengwa juu ya vilima vinavyotazama Ziwa Kivu, na njia ya kushuka mpakani si tambarare. Hapa ndipo unapozaliwa ubishi mgumu kuliko yote.

Lori lililojaa limesimama kwenye mwinuko, katika foleni au katika mlango wa maegesho. Dereva anaachia breki kabla kilachi haijashika sawasawa, na lori linaserereka nyuma hatua moja au mbili kabla ya kuondoka. Nyuma yake kuna gari dogo. Dereva wa lori ataapa kwa moyo safi kwamba hakurudi nyuma: gia ilikuwa ya mbele na taa ya rivasi haikuwaka. Atasema amegongwa kwa nyuma, na kila mtu anajua kwamba anayegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa. Wa gari dogo atasema alikuwa amesimama.

Kanuni haiangalii gia, inaangalia mwendo. Gari lililokwenda nyuma limekwenda nyuma, hata kama dereva hakukusudia. Kushindwa kulishika kwenye mwinuko ni kosa la dereva, na kama breki zilikuwa mbovu ni kosa la mwenye gari pia. Aliyesimama karibu mno nyuma ya lori lililojaa kwenye mwinuko anaweza kuambiwa alijitakia kidogo, lakini sehemu yake haitakuwa kubwa.

Ugumu ni ushahidi, na wapo wenye magari madogo ambao huligonga lori kwa uzembe wao kisha wakasema limewaserereka. Alama za kutofautisha zipo. Gari linalogonga huku dereva wake amekanyaga breki huinamisha pua, hivyo boneti na bampa huingia chini zaidi kuliko kimo chake cha kawaida, na tairi huweza kuacha mchubuko kwenye lami au mfereji kwenye tope. Gari lililokuwa limesimama hupigwa katika kimo chake cha kawaida, na pengine husukumwa nyuma, tairi zake zikiacha alama fupi ya kuburuzwa kuelekea chini. Alama hiyo hufutika mara gari la tatu linapopita juu yake, na mvua za Rusizi hazimsubiri askari afike.

Usukani wa kulia katika nchi ya kulia

Rwanda na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Tanzania, Uganda na Kenya upande wa kushoto. Malori yanayotoka Dar es Salaam na Mombasa huja Kamembe yakiwa na usukani kulia. Dereva wake anapopiga rivasi huona vizuri ubavu wa kulia wa trela, na upande wa kushoto hutegemea kioo peke yake. Akikunja trela kuelekea kushoto hata kioo hicho hakimwonyeshi ncha ya nyuma. Anaona ubao au turubai tu. Dereva wa Kigali au Bukavu mwenye usukani kushoto ana tatizo hilo hilo kwa upande wa pili.

Jambo hili halimwondolei mtu kosa. Linaeleza kwa nini magari hugusana, na linasaidia kujua kama maelezo ya dereva yana ukweli. Dereva anayedai "nilimwona akija kwa kasi" upande ambao asingeweza kuona kutoka kitini kwake, amejiharibia mwenyewe.

Kuna pia jambo linalowachanganya mashahidi. Lori la trela linaporudi nyuma kwa kona, mkia huenda upande mmoja na kichwa hufagia upande mwingine. Gari lililoegeshwa karibu na kichwa linaweza kupigwa na kona ya mbele ya lori. Mwenye gari ataonyesha kwamba bampa la mbele la lori ndilo lililogusa, na watu watasema lori lilikuwa linakwenda mbele. Mchoro wa mahali zilipokuwa tairi zote, za kichwa na za trela, humaliza ubishi huo haraka kuliko maneno ya watu kumi.

Yanayosemwa na mabati

Mkwaruzo una mwanzo na mwisho. Rangi iliyobanduliwa hurundikana upande ambako mkwaruzo umeishia, kwa hiyo ukiutazama kwa karibu unajua kilichokwaruza kilielekea wapi. Kitu kilichoingia moja kwa moja katika gari lililosimama huacha umbo lake, mathalani kichwa cha bolti au ncha ya ndoano. Magari yote mawili yakiwa katika mwendo, alama huwa ndefu na iliyopakazwa. Vipande vya kioo cha taa na tope kavu linalodondoka chini ya madigadi huanguka karibu na mahali pa kishindo. Yakionekana kwenye njia ya kupita na si ndani ya nafasi ya kuegesha, basi kuna mtu alikuwa amejitokeza njiani. Kimo nacho hupimwa: kama bampa la lori liko usawa wa kiuno na gari dogo limebonyea usawa wa goti, lori hilo halikufanya kazi hiyo.

Picha ni bora kuliko kumbukumbu, lakini picha za karibu tu hazitoshi. Zinatakiwa kwanza picha za mbali zinazoonyesha magari yote mawili, tairi, mistari ya maegesho na kitu kisichohama kama mlango wa ghala au nguzo. Kisha ndipo yafuate madoa na mikwaruzo, na namba za magari pamoja na ya trela, ambayo aghalabu si sawa na ya kichwa.

Kabla magari hayajasogezwa

Polisi ya Rwanda hupokea taarifa za ajali za barabarani kwa namba 113 isiyolipiwa. Akiwapo aliyeumia, hata kidogo, jambo si la kumalizana tena. Magari yanabaki yalipo na polisi wanaitwa. Ikiwa ni mabati tu na njia imezibwa, picha zinapigwa, nafasi za tairi zinawekewa alama kwa chaki au mawe, ndipo magari yanasogezwa.

Aliyegonga gari ambalo mwenyewe hayupo asiondoke kimya. Mkataba wa Vienna, katika ibara ya 31, unamtaka aache jina na anwani yake na kumjulisha aliyepata hasara, au polisi ikishindikana. Kuondoka huligeuza doa la bampa kuwa shitaka la kutoroka baada ya ajali, na lori la kigeni halijifichi kwa urahisi katika mji wenye njia chache za kutokea.

Maelezo yakiandikwa kwa Kinyarwanda au Kifaransa, dereva asitie saini asichokielewa. Kiswahili kiliingizwa katika lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, na si aibu kuomba kusomewa.

Fomu ya maelezo ya ajali inayotumiwa na makampuni ya bima ya Ufaransa na Ubelgiji ni kielelezo kizuri hata kwa asiye nayo. Ina visanduku vya kuweka alama, na cha 14 ni cha gari lililokuwa likirudi nyuma. Ina nafasi ya mchoro, ya mshale unaoonyesha mahali pa kishindo cha kwanza, ya mashahidi na ya bima za pande zote. Jambo la maana zaidi ni kwamba fomu hiyo inataja mambo yaliyotokea tu. Kuitia saini si kukiri kosa. Karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mtindo huo, nakala mbili, saini mbili, ina thamani kubwa kuliko mkutano wa saa tatu.

Kwa lori la transiti lipo jambo la kutangulia mengine yote. Lori likirudi nyuma, kinachogonga ni milango ya mkia, na hapo ndipo penye sili ya forodha. Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Uganda, Kenya na Rwanda zimekuwa zikifuatilia mizigo ya transiti kwa sili za kielektroniki. Sili iliyopasuka au kukatika kwa kishindo cha maegesho itaonekana kama sili iliyofunguliwa njiani. Forodha ijulishwe kabla mtu hajagusa mlango, na jambo hilo liandikwe katika ripoti ya polisi. Kuna wafanyabiashara ambao wangelipa bampa kumi kuliko kueleza sili moja.

Nani hutoa fedha

Kadi ya Njano ya COMESA, iliyotokana na itifaki ya mwaka 1986, ndiyo inayolihudumia gari la kigeni. Rwanda, Kongo, Burundi, Uganda na Kenya zimo, na Tanzania imebaki katika mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hulipa hasara ambayo gari la kigeni limewasababishia wengine, kwa kufuata sheria ya nchi ilikotokea ajali, na madai hushughulikiwa na ofisi ya taifa ya mpango huo katika nchi hiyo. Hailipi lori lenyewe, wala mzigo uliomo. Haifanyi kazi katika nchi iliyotolewa. Kwa hiyo lori la Rwanda likigonga Kamembe hutumia bima yake ya nyumbani. Likigonga Bukavu hutumia kadi.

Mwenye bima ndogo peke yake ajue kwamba kama kosa ni la dereva wake, taa yake ataitengeneza kwa fedha zake. Mwenye bima kubwa naye aangalie kiasi anachotakiwa kujilipia kwanza. Doa likiwa chini ya kiasi hicho, bima haitoi kitu.

Mwenye lori asidhani kwamba deni ni la dereva. Nchini Kongo, amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na madeni bado inatumika: ibara ya 258 inamtaka aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe, na ibara ya 260 inampelekea tajiri hasara iliyofanywa na mtumishi wake kazini. Rwanda ilizifuta sheria zote za kabla ya uhuru mwaka 2019, lakini ajali iliyotokea Kamembe nayo humfikia mwenye gari kupitia bima, ambayo imekuwa ya lazima tangu mwaka 1975.

Kumalizana papo hapo ni jambo la kawaida na mara nyingi ndiyo njia ya busara, hasa kwa mali inayoharibika. Lina hatari mbili. Mikataba mingi ya bima humkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na akishakiri anaweza kuachwa alipe peke yake. Hatari ya pili ni aliyelipwa kurudi wiki ijayo na fundi mwingine na bei nyingine. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, kufuatilia madai ng'ambo ya mto kwa karatasi zilizoandikwa Kamembe si jambo la kuachia bahati. Ajali ya Kamembe ikamilishwe Kamembe kabla lori halijashuka Rusizi ya Pili.

Karatasi ya makubaliano basi itaje tarehe, saa na mahali, namba za magari, majina ya madereva na namba za leseni, sehemu zilizoharibika moja baada ya nyingine, kiasi kilicholipwa na kwa fedha gani, iwe faranga za Rwanda au dola, na maneno kwamba mpokeaji amelipwa kwa hasara hizo zote na hatadai tena. Shahidi mmoja asiye wa upande wowote atie saini. Mlinzi wa maegesho anafaa.